Dawa ya Mapacha

Mke wa seremala mmoja wa Ngamiani, Tanga, alimaliza miaka mitatu ya ndoa bila kushika mimba. Watu hawa nimewaunda mimi ili nipate kusimulia, lakini hakuna kilichowapata ambacho hakiwapati watu wa kweli, ndiyo maana nimeamua kukieleza kisa chao kwa kirefu badala ya kupanga maonyo ambayo msomaji atayaruka.

Hedhi ya mama huyu haikuwa na mpango. Mara ilikuja baada ya siku 40, mara ikapitiliza miezi miwili, na kila ilipochelewa alijipa matumaini halafu akaishia kulia chooni. Mama mkwe wake hakuwa mtu wa kusimanga. Alikuwa akija siku ya Ijumaa na kikapu cha machungwa ya Muheza, anaketi, anaitikia shikamoo, kisha anauliza, "Na mengine, mwanangu?" huku macho yakiteremka tumboni. Swali la upole namna hiyo huchoma kuliko tusi, maana tusi mtu hulijibu.

Dawa alishakunywa za kila aina: mizizi ya kusafisha kizazi, unga wa kuzibua mirija ulioletwa kwa basi kutoka Dar es Salaam, asali iliyosomewa. Mume hakuwahi kwenda kupima. Hakuna aliyemwambia aende, na yeye mwenyewe hakujiuliza, kwa kuwa mitaani kwetu mimba isipoingia anayetazamwa ni mke.

Siku moja wifi yake akampigia simu kutoka Dar. "Wifi yangu, achana na mizizi. Kuna kidonge kinaitwa Clomid. Mwenzangu wa kazini alimeza, leo ana mapacha. Unaanza siku ya tatu ya hedhi, siku tano. Watu humeza kimoja. Wewe meza viwili, upate Kulwa na Doto kwa mkupuo, watu wanyamaze."

Hilo la mapacha ndilo lililomshinda. Mtoto mmoja angefuta aibu, lakini wawili wangemfanya atembee mtaani kifua mbele. Akaenda duka la dawa. Binti aliyekuwa zamu akamuuliza anataka vingapi, akamkatia vidonge kumi vya miligramu 50, akavitia kwenye bahasha ndogo ya karatasi. Hakudai cheti cha daktari. Mteja naye hakujua kwamba hiyo ni dawa ya cheti, na hata angejua asingesema.

Mwezi wa kwanza haukuleta kitu. Safari ya pili yalipotoka matone ya damu kwa siku mbili akayahesabu kuwa ni hedhi. Hakupima mkojo kuhakikisha kwamba hana mimba tayari. Akaongeza dozi, vidonge vitatu kwa siku, na safari hii ikajibu.

Klomifeni, ambayo ndiyo dawa iliyomo ndani ya Clomid, iliidhinishwa Marekani mwaka 1967, na imewapa watoto wanawake wengi sana. Kazi yake ni kuuhadaa ubongo. Inajibandika pale ambapo homoni ya estrojeni hupokelewa, ubongo ukadhani estrojeni imepungua mwilini, nao ukaiagiza tezi ya pituitari imwage homoni ya kukuza mayai. Ni sawa na mpishi aliyeambiwa sufuria ni tupu wakati imejaa: ataongeza unga. Mwezi wa kawaida vifuko kadhaa vya mayai huanza kukua pamoja ndani ya ovari, kimoja kikavitangulia vingine, navyo vikasinyaa. Amri ikiwa kali, viwili au vitatu hufika pamoja.

Kwenye ultrasaundi, kifuko kilichopevuka huonekana kama duara jeusi lenye upana wa milimita 20 hivi. Anayetibu kwa uangalifu huyahesabu maduara hayo siku chache baada ya kidonge cha mwisho. Likiwa moja, anawapa wanandoa ruhusa. Yakiwa mawili, anawaeleza kinachoweza kutokea na kuwaachia uamuzi. Yakiwa matatu au zaidi, anawaambia mwezi huo wapumzike. Dozi huanza kwa miligramu 50 kwa siku, na huongezwa kwa mwanamke ambaye yai lake halikupevuka kwa dozi hiyo, si kwa anayetaka watoto wawili. Maelezo ya dawa yenyewe hayashauri kuvuka miligramu 100 kwa siku, wala kuendelea zaidi ya mizunguko sita hivi. Mke wa seremala alimeza 150. Inawezekana kabisa kwamba hata ule mwezi wa kwanza yai lilipevuka na bahati tu ndiyo haikuwepo, lakini hakuna aliyetazama, kwa hiyo hakuna aliyejua, na asiyejua huongeza.

Wakati dawa hii inafanyiwa majaribio, mimba 2,369 zilifuatiliwa. Karibu 8 katika kila 100 zilikuwa za watoto zaidi ya mmoja, nyingi kati ya hizo zikiwa za mapacha wawili. Bila dawa ni kama 1 au 2 katika 100. Kwa hiyo wifi hakudanganya. Clomid kweli huongeza mapacha. Alichokosea ni kuyahesabu mapacha kuwa zawadi ya nyongeza.

Wiki ya 12 walikwenda kupiga picha. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alisogeza kifaa tumboni, akanyamaza kidogo, akasema wako wawili. Mume akashika ukuta. Nyumbani mama mkwe alipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia, na tangu jioni hiyo tumbo likaitwa Kulwa na Doto.

Lakini kabla ya kushuka kitandani yule mama alikuwa amebaki na swali, akalitoa akiwa ameinamisha uso. "Dokta, samahani. Kuna vidonge nilimeza bila kuandikiwa. Havitawalemaza?"

Daktari akauliza ni vidonge gani, vingapi, lini. Akapima urefu wa watoto, akapiga hesabu ya tarehe, akamwambia mimba iliingia baada ya vidonge kwisha. Kisha akasema, "Mwanangu, viungo vyao nitaviangalia tena wiki ya 20. Ninachokiogopa mimi ni kwamba wako wawili."

Mama hakuelewa. Wengi hatuelewi, maana hofu yetu huelekea kwenye kemikali, kwamba kidonge cha kutafutia mtoto kitaleta mtoto asiye na mkono au mwenye tundu kwenye moyo. Hofu hiyo si ya kipuuzi. Ina historia, na wanaoidharau hawaijui.

Mwaka 1938 mwanakemia Charles Dodds wa London alitengeneza estrojeni ya maabara iliyoitwa dayethilistilbestroli, kwa kifupi DES. Ilikuwa rahisi kutengeneza, na Marekani ikaanza kupewa wajawazito kwa imani kwamba inazuia mimba kuharibika. Mwaka 1953 William Dieckmann na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha jaribio la haki: wanawake 840 walipewa DES, 806 wakapewa vidonge visivyo na dawa, na hakuna aliyejua amepata kipi. DES haikusaidia kitu. Mtu angetegemea habari iishie hapo. Haikuishia. Madaktari waliendelea kuiandika kwa miaka mingine 18, kwa sababu mama aliyepoteza mimba mbili anataka apewe kitu, na daktari anayemhurumia hataki kumrudisha mikono mitupu.

Watoto wa mama hao walizaliwa, wengi wao wazima, wakabebwa, wakapigwa picha. Miaka ikapita. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Boston, wasichana wachache wa miaka 15 hadi 22 wakagundulika na saratani ya uke ya aina ambayo kwa umri wao ilikuwa haijulikani. Mama mmoja alimuuliza daktari Howard Ulfelder kama inaweza kuwa imetokana na ile dawa aliyopewa akiwa mjamzito. Daktari hakuamini, lakini hakulitupa swali. Alipokuja mgonjwa mwingine, aliuliza. Mwaka 1971 yeye, Arthur Herbst na David Poskanzer walichapisha hesabu yao: kati ya wasichana wanane wagonjwa, mama saba walikuwa wamemeza DES. Kati ya wanawake 32 waliochukuliwa kwa kulinganisha, waliojifungua siku za karibu na hao katika hospitali zilezile, hakuna hata mmoja aliyeimeza. Mwaka huohuo serikali ya Marekani ikawatangazia madaktari kwamba dawa hiyo haifai kupewa wajawazito. Kufikia hapo waliokwisha kuimeza ni mamilioni.

Ni swali la mama lililofungua jambo lile. Nawaomba akina mama mlikumbuke hilo mkikaa mbele ya daktari mkiona aibu kuuliza.

Kisa cha DES ndicho kilichowafundisha watafiti kwamba mtoto kutoka tumboni mzima hakumalizi hesabu, na kwamba dawa yoyote inayokaribia mimba lazima ifuatwe na daftari la watoto kwa miaka. Lakini hofu nayo ikiachwa bila hesabu huumiza. Mwaka 2005 kwenye mkutano wa madaktari wa uzazi mjini Montreal ilisomwa taarifa fupi kuhusu letrozoli, dawa ya saratani ya matiti ambayo madaktari walikuwa wameanza kuitumia kupevusha mayai. Ilisema watoto 150 waliotokana na dawa hiyo walikuwa na kasoro nyingi zaidi za moyo na mifupa kuliko kawaida. Habari ikazagaa, na kampuni inayoitengeneza ikawaonya madaktari wasiitumie kwa kazi hiyo. Kasoro ya taarifa ile ilikuwa kwenye kulinganisha: watoto 150 wa akina mama waliohangaika na ugumba, wengi wenye umri mkubwa na wengine wenye mapacha, waliwekwa kando ya maelfu ya watoto wa akina mama wasio na tatizo lolote, waliojifungua katika hospitali ya kawaida.

Mwaka uliofuata watafiti wa Kanada, wakiongozwa na Togas Tulandi, walichapisha ulinganisho ulio sawa zaidi: watoto 911, wote wa akina mama waliotibiwa ugumba, 514 kwa letrozoli na 397 kwa klomifeni. Wenye kasoro upande wa letrozoli walikuwa asilimia 2.4, upande wa klomifeni 4.8. Kwa jumla ni viwango visivyo mbali na vya watoto wote duniani, ambapo kati ya 100 wanaozaliwa karibu watatu huwa na kasoro kubwa hata kama mama hakumeza kitu. Hata hivyo India iliipiga letrozoli marufuku kwa matibabu ya ugumba mwaka 2011, na haikuifungulia hadi 2017. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 2014, utafiti mkubwa wa Marekani wa Richard Legro kwa wanawake 750 wenye ovari za vifuko vingi ulionyesha kwamba waliotumia letrozoli walipata mtoto hai kwa asilimia 27.5, na wa klomifeni asilimia 19.1. Fikiria wanawake wa India waliofungiwa mlango miaka yote hiyo kwa ajili ya hesabu iliyopigwa vibaya.

Kuna utafiti mmoja zaidi ambao mke wa seremala angepaswa kuusikia. Michael Davies na wenzake walipekua vizazi 308,974 vya jimbo la Australia Kusini, wakahesabu kasoro mpaka mtoto atimize miaka mitano, na mwaka 2012 wakachapisha walichokiona. Wanawake waliotumia klomifeni nyumbani bila usimamizi walikuwa na uwezekano wa kupata mtoto mwenye kasoro kama mara tatu ya wengine. Kundi hilo lilikuwa dogo, na watafiti wenyewe hawakusema kwamba kidonge ndicho kilichosababisha. Waliona pia kwamba wanawake wenye historia ya ugumba walioshika mimba bila matibabu yoyote walipata watoto wenye kasoro zaidi kidogo, kumaanisha kwamba ugonjwa unaoleta ugumba nao una sehemu yake. Lakini tazama nani yuko kwenye kundi lile la mara tatu: mwanamke aliyemeza bila kutazamwa, bila kupima kama ana mimba tayari, bila mtu wa kumuuliza anaumwa nini kingine. Klomifeni hutoka mwilini taratibu sana, na mabaki yake huweza kuonekana wiki kadhaa baada ya kidonge cha mwisho. Anayeimeza akiwa na mimba asiyoijua anamlisha dawa mtoto katika wiki zilezile ambazo moyo na mgongo vinaundwa. Matone ya damu ya siku mbili hayatoshi kuwa ushahidi wa hedhi. Kipimo cha mkojo ni bei ya soda.

Wiki ya 20 daktari alihesabu vyumba vya moyo, akatazama migongo, midomo, vidole. Kila kitu mahali pake, kwa wote wawili. Familia ikapumua.

Wiki ya 30, saa tisa usiku, chupa ya uzazi ikapasuka.

Marekani, ambako takwimu hizi huwekwa vizuri, mapacha 6 kati ya 10 huzaliwa kabla ya wiki 37, na karibu 1 kati ya 10 kabla ya wiki 32. Kizazi kilichotanuka kwa wawili hufika mapema pale ambapo cha mmoja kingefika mwezi wa tisa. Hospitali ya mkoa walimchoma sindano ya kukomaza mapafu ya watoto, dozi ambazo hutolewa mara nne kila baada ya saa 12. Alipata mbili. Alfajiri ya kesho yake Kulwa akatoka na gramu 1,340, na dakika 20 baadaye Doto, gramu 1,010.

Nataka msomaji aione wodi ya watoto njiti, kwa kuwa anayesema "meza viwili" hajaiona. Joto lake hukufunga pumzi mlangoni. Maziwa ya mama hukamuliwa kwenye kikombe cha chuma, yakavutwa kwa bomba la sindano bila sindano yake, mililita mbili, yakashushwa kupitia mpira mwembamba uliopita puani hadi tumboni, kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Muuguzi huvuta kwanza kuona kama yale ya saa mbili zilizopita yamesagika. Doto alikuwa akipumua huku mbavu zikiingia ndani, na mashine ikimsukumia hewa. Ngozi yake ilikuwa laini kiasi kwamba plasta ya kushikilia mpira ilipobanduliwa ilitoka nayo.

Hapa ndipo yule mama mkwe alipofanya jambo ambalo siwezi kulipita haraka. Mama mmoja hawezi kubeba wawili kifuani saa zote, naye alikuwa ametoka kupoteza damu nyingi. Muuguzi akauliza nani atasaidia kangaruu. Bibi akavua baibui, akafungua vifungo vya gauni, akalaziwa Kulwa kifuani, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani na nepi tu mwilini, akafungwa kanga imara mgongoni. Akaketi hivyo mpaka asubuhi, akawa anakwenda na kurudi siku zote zilizofuata. Njia hii ilianzishwa Bogotá, Kolombia, na daktari Edgar Rey mwaka 1978 kwa sababu mashine za joto hazikutosha. Mwaka 2021 utafiti uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, kwa watoto wa kilo 1 hadi chini ya 1.8, ulionyesha kwamba kuanza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri mtoto atulie kwanza, kunapunguza vifo: walifariki asilimia 12 ndani ya siku 28 za mwanzo, badala ya 15.7 ya walioanza baadaye. Kifua cha bibi si cha kufuta machozi tu. Kinatibu.

Siku ya nne tumbo la Doto likavimba na maziwa yakawa yanarudi na rangi ya kijani. Wakasimamisha maziwa, wakampa dawa za kuua vijidudu kwa mshipa. Siku ya sita alifariki. Hakuwa na kasoro yoyote. Moyo wake ulikuwa na vyumba vinne kama ulivyoonekana kwenye picha, mgongo umefunga, vidole vyote vimetimia. Alizaliwa mapema tu, na alizaliwa mapema kwa sababu walikuwa wawili.

Kulwa alitoka baada ya wiki saba akiwa na kilo mbili na nusu. Macho yake yalipimwa, maana oksijeni wanayopewa njiti huweza kuharibu mishipa ya ndani ya jicho, yakaonekana salama. Alipofika mwaka mmoja hakukaa vizuri, na miguu ilikuwa ikikakamaa akishikwa makwapani. Wakaambiwa ni mtindio wa ubongo, wa kiasi, na kwamba mazoezi yatasaidia. Kila Jumanne mama anampeleka kwa mtaalamu wa viungo. Ni mtoto mwenye kicheko kikubwa na anayejua jina la kila paka wa mtaa.

Sitaki kumtwisha yule binti wa duka mzigo wote huu. Alikosa, na wanaosimamia maduka ya dawa wana haki ya kumwajibisha, lakini yeye alikuwa kituo cha mwisho tu. Kabla yake kulikuwa na miaka mitatu ambayo mtu mzima hakusema, "Nendeni wote wawili mkapimwe." Nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, au karibu na nusu, zina tatizo upande wa mwanamume, peke yake au pamoja na la mke, na kipimo cha mbegu za kiume hakina kisu wala sindano. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba Afrika kusini mwa Sahara, mirija iliyoziba kwa maambukizi ya zamani ilikuwa inaongoza kwa kuleta ugumba wa wanawake kuliko mahali pengine. Klomifeni haizibui mrija. Inaweza kupevusha yai zuri kabisa likakwama njiani, na mimba ya nje ya kizazi huua mama.

Kuna kidonge kingine ambacho wifi hakukitaja na duka halikukisifu, kwa kuwa hakina sifa mtaani. Ni foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Hicho ndicho chenye ushahidi imara wa kumkinga mtoto na mgongo wazi. Mgongo wa mtoto hufunga ndani ya wiki nne za mwanzo tangu mimba kutungwa, kabla wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Mwanamke aliyekwisha kutumia fedha kwa mizizi, unga na asali ili apate mtoto mzima, hakuwahi kuambiwa habari za kidonge kilicho rahisi kuliko vyote.

Kulwa alipotimiza miaka miwili na nusu walirudi kliniki, safari hii wawili. Mume alipimwa, akaonekana mbegu zake ni chache kidogo lakini zinatosha. Mke alikutwa na ovari za vifuko vingi, jambo lililoeleza ile hedhi isiyo na mpango tangu usichana wake. Mirija ilikuwa wazi. Akapewa foliki asidi kwa miezi miwili kwanza, akashauriwa kupunguza uzito kidogo, kisha, baada ya kupima mkojo, letrozoli ya miligramu 2.5 kwa siku tano, na tarehe ya ultrasaundi ikaandikwa kwenye kadi kabla hajapewa kidonge cha kwanza.

Siku ya 12 daktari alihesabu vifuko vitatu vilivyopevuka. Akaugeuza uso wa mashine ili wote wawili waone, akavipima kimoja kimoja mbele yao, akasema mwezi huu msikutane, tutajaribu tena kwa utaratibu mwingine. Njiani mke alilia. Alikuwa ameshasubiri miaka, na sasa anaambiwa mayai yapo na asiyatumie. Mume akasimamisha bodaboda, wakashuka, wakatembea kwa miguu hadi akatulia.

Ijumaa ile mama mkwe alikuja na kikapu chake. Kabla hajauliza "na mengine", mwanawe akamwambia kila kitu: kwamba wanatibiwa wote wawili, kwamba hata yeye mwanamume kapimwa, kwamba mayai yalikuwa matatu na wameambiwa waache mwezi upite. Bibi alikaa kimya, akamenya chungwa, akampa Kulwa.

"Mnarudi lini kupima?"

"Tarehe nane, mama."

"Nitakuja tarehe saba nilale hapa. Mtoto mniachie mimi, nyie mwende wote wawili."